Kiti Nitakishona, Gia Sitaishona

Karakana ya Viti na Makochi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
Mlango wa Kijani (ule ule uliopakwa rangi na wewe).

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mume wangu, Mwalimu, ambaye yuko nje anaosha gari kwa mara ya pili leo, na za watoto, ambao wamekatazwa kuligusa na kwa hiyo hawafanyi kitu kingine ila kuligusa. Hujambo lakini? Goti linasemaje huko kwenye baridi? Ile soksi ya goti niliyokushonea inakutosha, au umeigeuza kofia ya birika kama ulivyotishia? Na yule jirani yako wa ghorofa ya juu, bado anaburuta viti usiku? Mwambie una mtoto wa kaka ambaye atamfungia raba miguuni mwa viti vyake vyote bila malipo, mradi wewe upate usingizi.

Sisi huku hatujambo. Watoto wanakula kama nzige, karakana ina kazi, na vidole vyangu viwili vina matundu ya sindano ambayo sababu yake utaisoma hapa chini. Bibi naye ni mzima. Nakuandikia hilo mapema ili moyo utulie. Lakini habari ya jicho lake nitaitoa kwa zamu yake, na nakusihi usiruke kurasa. Nakujua. Wewe hata vitabu vya hadithi ulikuwa unaanzia mwisho, halafu unalalamika kwamba havina utamu.

Nusu ya mambo haya uliyasikia kwenye simu, na nusu nyingine ilimezwa na mtandao. Ndiyo maana nimekaa kwenye meza yako ya zamani ya kushonea, nimesogeza vipande vya sponji pembeni, nakuandikia yote.

Shangazi, tumenunua gari! Gari la kwanza katika ukoo huu ambao tangu enzi za Babu tumekuwa tukishona viti vya magari ya watu wengine. Tena si gari la kuendea sokoni na kurudi. Ni gari la kupanda milima, la kuvuka mito, limeinuka kama mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Nikikaa nyuma ya usukani nawaona majirani kwa juu, na sitakuficha, naona raha.

Sasa ngoja nikueleze tulivyolichagua, maana kidogo tujitie aibu ya mwaka.

Unajua jinsi mama yako alivyo kule kilimani. Nyumba ile haihami, na yeye hahami. Jicho la kulia lilishakwenda siku nyingi, na hili la kushoto, lililobaki, likaingiwa na mtoto wa jicho. Daktari wa macho akasema litafanyiwa upasuaji na ataona, lakini lisiachwe mpaka msimu mwingine, kwa sababu yeye huja hospitali yetu mara tatu tu kwa msimu, kabla ya mvua, na mtoto wa jicho yule alikuwa ameshakomaa. Mara ya kwanza tukakodi gari, likagoma mtoni. Mara ya pili tukakodi jingine, likavuka mto likashindwa ule mlima wa udongo mwekundu. Majirani wa Bibi wakamweka kwenye kiti cha mbao, wakambeba juu juu kumfuata dereva, ambaye alikuwa amesharudi ng'ambo ya mto kwa kuogopa maji. Nia yao ilikuwa njema, lakini katikati ya maji mmoja aliteleza, kiti kikaenda upande, na mama yako akaning'inia juu ya mto akiwa ameshika ndevu za mtu. Waliporudi nchi kavu akaamuru arudishwe nyumbani, akatoa hukumu.

"Mimi si kabati," alisema. "Sibebwi tena. Nitashuka nimekaa kwenye kiti kama mtu, au sishuki."

Unamjua akishasema. Nikaanza kuhesabu mawingu. Daktari alikuwa anakuja mara ya tatu na ya mwisho, mvua kubwa zilikuwa zinabisha hodi, na zikishanyesha hakuna chochote chenye tairi kinachopanda kule. Tukikosa safari ile, jicho lingekuwa basi tena. Mwalimu na mimi tukaamua: akiba yote ya karakana, pamoja na ile ya kuezeka upya paa, inakwenda kwenye gari. Paa litavuja mwaka mmoja zaidi, ndoo tunazo.

Basi tukaenda kwenye yadi ya magari. Tulivaa kana kwamba tunaenda harusini. Muuzaji alitupokea, kijana mrefu mwenye tai nyekundu ndefu iliyokuwa inamtangulia kila alikokwenda, tukamwita Bwana Tai na mpaka leo sijui jina lake. Akatueleza kwamba gari tulilolitaka lipo la namna moja kwa umbo, lakini limetengenezwa kwa madaraja matatu: la chini, la kati na la juu. Ukilitazama kwa mbali ni mamoja. Ukisogea ndiyo unaona tofauti, na tofauti hizo ndizo unazolipia.

Mwalimu alipenda la juu kabla hata hajalifikia. Lilikuwa na dirisha kwenye paa! Alikaa kiti cha nyuma, akaegemea, akafunguliwa lile dirisha, akawa anatazama anga huku mdomo uko wazi. Kulikuwa na skrini kubwa kama sinia, na rimu zinazong'aa hadi unaweza kujitengenezea nywele. Mimi nikafanya tulichofundishwa. Nilipitisha kidole gumba kwenye mshono wa kiti, kutoka begani hadi chini. Ngozi ilikuwa mbele tu, pale makalio yanapokaa. Ubavuni na mgongoni ni reksini, plastiki tupu. Nikamwambia Bwana Tai kwamba hiyo ni suti yenye mgongo wa gazeti. Akacheka kidogo, cheko la adabu.

La kati sasa! Shangazi, ungelia. Kitambaa kizito cha kijivu, kimefumwa barabara, mshono wa mistari miwili iliyokwenda sambamba bila kupepesuka. Sponji ngumu chini, laini juu, kama wewe unavyoipanga. Mgongo wa kiti umejaa pale panapotakiwa, penye kiuno. Nilikaa, nikasimama, nikakaa kwa upande, nikakaa kama Bibi anavyokaa akiwa amekasirika. Nikamwita Mwalimu naye akae. Kisha tukalala kifudifudi sakafuni mwa gari, mimi na mume wangu, nguo za harusini na yote, tukaangalia chini ya kiti kuona springi zimefungwaje. Zilifungwa vizuri mno. Nikabonyeza, nikanusa, nikavuta uzi kwa kucha. Nikasema, hili ndilo. Kwa nje nalo lilikuwa na maplastiki meusi ya kutisha kwenye kingo, bampa ya kijeshi, na picha ya mlima ubavuni. Ungelitazama ungedhani limezaliwa msituni.

La chini sikulipa hata salamu. Nilifungua mlango, nikaona viti vya reksini nyeusi vinavyoteleza, vioo vya kuzungusha kwa mkono, sakafu ya raba tupu, rimu za chuma zisizo na mapambo. Nikaufunga mlango.

Umeshaiona aibu? Familia nzima ya mafundi viti tumekwenda kununua gari la mlimani, tumelala chini kuchungulia chini ya kiti, na hakuna hata mmoja wetu aliyechungulia chini ya gari. Boneti hatukuifungua. Habari ya injini hatukuiuliza. Tulinunua kochi lenye honi, Shangazi, au tulitaka kulinunua.

Aliyetuokoa ni tope. Nyuma ya yadi kuna mteremko wanakooshea magari, na siku ile ulikuwa umelowa chapachapa. Mwalimu akaomba alijaribu la kati pale kabla hatujatia sahihi, si kwa sababu ya hekima, ila alitaka kuonekana akipanda mlima. Bwana Tai akasitasita, mimi nikamwambia asiogope. Mwalimu akakanyaga mafuta. Magurudumu ya mbele yakazunguka, yakazunguka, yakachimba, gari likabaki palepale likilia kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Ya nyuma yametulia tuli, wala hayakushughulika. Tope liliruka, likatua lote kwenye ile tai.

Nikauliza kulikoni. Bwana Tai akajifuta, akasema kwa upole kwamba daraja la kati huvuta kwa magurudumu ya mbele tu, ni gari la mjini lenye sura ya porini. Nikawaka. Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu asubuhi.

"Mama, umeniuliza habari za sponji asubuhi nzima," akajibu. "Za magurudumu hukuniuliza."

Uzuri wa mkakasi, Shangazi, ndani kipande cha mti! Na mimi niliyesomea vipande vya mti tangu utotoni, nimeuvaa mkakasi mzima mzima.

Basi Bwana Tai, ambaye kwa haki niseme alikuwa kijana muungwana, akaliwasha lile la chini. Akavuta kigingi kidogo kando ya gia kubwa, akabonyeza swichi moja, akalipeleka kwenye tope lilelile. Likapanda polepole bila kelele, kama mtu mzima anayepanda ngazi na mambo yake kichwani. Akatueleza, na safari hii nilisikiliza kwa masikio yote mawili: la chini huvuta kwa magurudumu yote manne, lina gia nzito ya kutambaa milimani, na ile swichi hufunga difu ya nyuma, yaani mtambo unaogawa nguvu kati ya tairi mbili, ili tairi moja likikosa pa kushika, jingine lisikubali kulala. Tairi zake ni nene. La juu nalo huvuta kwa manne, lakini halina ile gia nzito wala ile swichi ya kufunga difu, tairi zake ni nyembamba, na vikanyagio vyake vya rangi ya fedha vya ubavuni vingebaki kwenye mawe ya mto wetu siku ya kwanza.

Kwa hiyo gari lililofaa ndilo lile nililolifungia mlango. Nikalifungua tena, nikakaa kiti cha mbele cha abiria. Shangazi, kilikuwa kiti kibaya. Kimebonyea kiunoni, sponji yake nyembamba, reksini inakutelezesha mbele kila gari likiinama. Nikamfikiria Bibi na mgongo wake, mwendo wote ule wa mawe. Angefika hospitali akiwa sakafuni. Na angesema, umeniletea kiti gani hiki, afadhali wale wenye ndevu.

Nilishuka nikalizunguka gari. Nililizunguka tena. Mwalimu alikuwa bado analitazama lile dirisha la paa kwa mbali kama mtu anayeaga mchumba. Moyo wangu ulikuwa umeanguka hasa, sikufichi, machozi yalikuwa karibu. Lenye kiti halipandi, linalopanda halina kiti, na mawingu yamekaa kule kwenye kilima yananisubiri.

Halafu nikajitazama mikono. Nikapiga kelele hadi watu wa kuosha magari wakageuka: "Kiti nitakishona! Gia sitaishona!"

Mwalimu akadhani nimepagawa. Nikamshika bega nikamwambia, baba watoto, katika gari hili zima kuna kitu kimoja tu ambacho mimi naweza kukibadilisha kwa mikono yangu, na ndicho kitu pekee kilicho kibaya. Akanitazama, akatazama gari, akaanza kucheka. Tukacheka wote pale kwenye tope, hata Bwana Tai naye, cheko la kweli safari hii. Tukatia sahihi ya daraja la chini. Bakaa ya akiba ikanunua sponji ya daraja la juu kabisa, kwa hiyo usiseme hatukununua la juu.

Sasa niko kwenye jambo ambalo litakufanya usimame. Kaa.

Lile jora lako la kitambaa, lile la kahawia lenye mstari mwembamba wa bluu, uliloliacha chini ya meza ulipoondoka, ukasema asiliguse mtu mpaka urudi. Nimelikata. Nilijaribu kwanza vitambaa vya dukani, vyote vilikuwa vyepesi. Nikalitoa jora lako, nikalifuta vumbi, nikalikunjua mezani, nikaomba radhi kwa sauti kana kwamba uko mlangoni. Kisha nikaingiza mkasi. Ulikuwa unakipenda kitambaa kile, nami nilikuwa nakipenda kwa sababu ulikipenda, na kukiacha kizeeke gizani nikaona ni dhambi kuliko kukikata.

Nilivua kiti cha abiria hadi kikabaki mifupa. Usiwe na wasiwasi, niliuliza kwanza: mifuko ile ya hewa ya ajali iko kwenye usukani na dashibodi, si kwenye viti. Nikajaza kiuno, nikainua mbele kidogo ili mapaja yapate pa kupumzika, nikaacha bonde dogo katikati kwa ajili ya ule uti wa mgongo wake unaomuuma. Mishono mikubwa niliipitisha kwenye cherehani, miisho yote nikamalizia kwa mkono kwa namna yako: unarudisha sindano mara tatu, halafu unauzamisha uzi ndani usionekane. Hakuna fundi mwingine anayejisumbua hivyo. Ndipo nilipopata haya matundu ya vidole. Nikamaliza cha mbele na kimoja cha nyuma. Cha dereva sikukigusa kwa sababu Mwalimu alisema asishonewe chochote, anataka ateseke kama mwanamume. Kile kingine cha nyuma kilibaki na reksini yake, siku ziliniishia.

Tukaondoka alfajiri, watoto tukawaacha kwa mama yangu. Mawingu yalikuwa meusi lakini yamejizuia. Mtoni Mwalimu akasimama, akavuta kile kigingi, akabonyeza swichi, akanishika mkono akanibusu, jambo ambalo hakulifanya siku ya harusi kwa aibu. Tukaingia. Maji yakafika nusu ya milango, nikasikia mawe yakigonga chini, gari likayumba, likatafuta, likashika. Tukatoka upande wa pili tunapiga vigelegele peke yetu. Ule mlima mwekundu uliolishinda lile gari la pili tukaupanda taratibu, tairi zikinguruma. Mwalimu, aliyenuna siku nyingi kwa ajili ya dirisha lake la paa, sasa anazungumza na ile gia nzito kama na rafiki wa shule.

Bibi alikuwa ameshasikia injini. Alisimama mlangoni na mkoba wake, uso ameuelekeza siko, kwa sababu jicho lile lilikuwa limebaki kuona mwanga na kivuli tu. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye gari. Hakuingia. Alinyoosha mkono akatafuta kiti, akakibonyeza, akakipiga kofi kama anayempima ng'ombe, halafu akapitisha kidole gumba kwenye mshono kutoka begani hadi chini. Kule mwisho kidole kikasimama. Kikarudi. Kikasimama tena palepale.

"Amekuja lini?" akaniuliza.

"Nani, Bibi?"

"Usinichezee. Mwanangu. Amekuja lini, na mbona hanisalimii?"

Nilimwambia ni mimi, Bibi, ni mkono wangu. Hakuniamini. Akaushika mkono wangu, akakitafuta kidole gumba, akakisugua, akaikuta sugu ileile uliyonayo wewe. Mwalimu akaacha kuchezea gia.

"Basi alikufundisha vizuri," akasema. Akainua mguu, akaingia garini mwenyewe bila kushikwa, akakaa, akafunga mkanda, akauliza tunasubiri nini.

Mvua ilitukuta tunateremka. Ilianza kwa matone makubwa, kisha ikamwagwa kwa ndoo. Mlima ukawa sabuni. Gia ile ikatushikilia, gari likawa linateremka kwa adabu, wala Mwalimu hakugusa breki. Mto ulikuwa umeshapanda, mawe ya pembeni hayaonekani tena, na mimi nilikuwa nyuma nimekikamata kiti cha Bibi kwa mikono miwili kana kwamba mimi ndiye ninayekizuia kisielee. Nilikuwa nimekaa kwenye kile cha reksini, kwa kuwa ndicho kilicho nyuma yake, nikawa nateleza huku na huku kama samaki kwenye sinia. Maji yakatusukuma kwa ubavu. Tairi moja la nyuma likakosa pa kukanyaga, nikahisi kabisa tunazama upande ule, halafu jingine likashika, likatutoa.

Tulipokuwa tumeshafika barabara kuu, Bibi akapiga miayo akauliza kama tumekaribia mtoni. Alikuwa amelala! Mwalimu alicheka hadi akalazimika kuegesha.

Jicho lilifanyiwa upasuaji siku ileile. Kesho yake asubuhi daktari akafungua bandeji. Mama yako akapepesa, akapepesa, akamtazama daktari kuanzia juu mpaka chini, akasema mbona wewe ni mtoto hivi, wazazi wako wanajua uko huku? Kisha akanigeukia. Alinitazama kwa muda mrefu akaniambia nimeota mvi. Nikalia, nikamwambia asante. Sijawahi kufurahia kuambiwa nimezeeka namna ile.

Anaona, Shangazi! Anaona mlango, anaona tundu la sindano, anaona vumbi lililoko juu ya kabati langu na ameshalisemea. Yuko hapa nasi mpaka mvua zipungue, atasimamia karakana hadi tumkimbie.

Tulipotoka hospitali alitaka kuliona gari. Alilizunguka lote. Mlango ukafunguliwa, akainama kwenye kiti chake, pua karibu iguse kitambaa.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Hapa mshono umepinda."

Na kweli umepinda, upana wa punje ya mchele, pale mtoto aliponiita nikageuka. Nikamwambia nitaurekebisha wiki ijayo, pamoja na kile kiti cha nyuma kilichobaki. Akakitazama kile cha reksini, akalitazama jora lililobaki nyuma ya gari.

"Kile usikiguse," akasema. "Kina mwenyewe."

Akaingia garini, akafunga mkanda.

Shangazi, miaka yote umekuwa ukituandikia kwamba utakuja barabara ya kwa Bibi itakapotengenezwa, kwa sababu goti lako haliwezi ule mlima. Tulikuelewa, na ilikuwa kweli. Barabara haijatengenezwa. Sidhani kama itatengenezwa mimi nikiwa hai. Lakini lipo gari la daraja la chini hapa nje, linameremeta, na dereva wake anatafuta kisingizio cha kwenda topeni. Kitambaa kilichobaki nimekipima: kinatosha kiti kimoja tu, bila kubakiza. Nimekikunja nikakiweka juu ya kiti chenyewe, pamoja na mkasi wako. Kawia ufike, hatukukimbizi. Ila fika.

Nisalimie binti yako na mumewe, na yule rafiki yako muuguzi anayekusomea barua zangu ukiwa umepoteza miwani. Mwambie asome kwa sauti ya furaha. Mama yangu anakusalimu na anauliza kama bado una sufuria lake. Baba anakusalimu pia, anasema dada yake amemshinda kwa ukaidi. Mwalimu anakusalimu kwa honi, hiyo inayolia sasa hivi.

Mungu akulinde, akupe usingizi, alilainishe goti lako, na njia yako yote ya kurudi aifanye iwe na pa kushika.

Mwanao akupendaye hadi mwisho wa uzi,

Cherehani (jina ulilonipa mwenyewe)

Nyongeza: Bibi ameniomba kalamu. Ninampisha.

*Mwanangu, huu ni mwandiko wangu mimi mwenyewe. Mistari naiona. Kiti chako kinateleza. Njoo ukishone.*